Mzigo Mmoja wa Dhahabu, Siku 21 za Kungoja: Kwa Anayeanza Kuandika Riwaya ya Hazina ya Vita

Miswada mingi ya hazina ya Mjerumani, ile dhahabu inayosemekana kufichwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, huanguka mahali pamoja. Sanduku linafukuliwa, kifuniko kinafunguka, hewa mbaya inatoka, na kufikia jioni kijiji kizima kinatapika damu. Msomaji wa Tabora au Bukoba anaweka kitabu chini, maana anajua mambo mawili ambayo mwandishi hakujisumbua kuyatafuta: dhahabu yenyewe ilikuwa kiasi gani, na ugonjwa wa namna hiyo hukaa wapi. Yatafute hayo kabla hujampa mpelelezi wako jina.

Anza na dhahabu. Mwaka 1916 koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki lilikuwa limefungiwa baharini na manowari za Waingereza, na fedha kutoka Ulaya haziji. Katika karakana ya reli ya Tabora wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tai upande mmoja na tembo mbele ya mlima upande wa pili. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa sarafu 16,198, kila moja gramu 7.168, robo tatu yake ikiwa dhahabu safi. Sasa shika kalamu uzidishe: toleo zima halifiki kilo 117. Ukizimwaga kwenye ndoo ya lita 20, haijai. Wanaoandika treni ya mabehewa ya dhahabu hawajafanya hesabu hii.

Udogo huo ni faida kwako. Mpagazi wa safari alibeba kama kilo 25, kwa hiyo sarafu zote zilihitaji watu watano tu, na mzigo mmoja unabeba karibu sarafu 3,500. Hazina ya riwaya yako na iwe mzigo mmoja uliopotea. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 19 Septemba 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini-mashariki. Katika safari ya namna hiyo, mzigo mmoja kukosekana asubuhi ni jambo la kuaminika. Treni nzima kukosekana si jambo la kuaminika.

Na aliyeubeba ni nani? Hapa ndipo waandishi wapya wanapoacha mali barabarani. Wanampa siri afisa wa Kijerumani mwenye shajara, wanamsahau mpagazi. Vita ile ilikokota wapagazi kwa mamia ya maelfu pande zote mbili, na waliouawa na kuhara damu, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limebaki kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Mtu aliyebeba kilo 25 kichwani alijua uzito wa mzigo wake hata kama hakuonyeshwa kilichomo: mzigo mdogo hivi, mzito hivi, si risasi wala si chumvi. Siri ipitie kwake na kwa wajukuu zake.

Ramani iliyomo sandukuni iondoe kabisa. Mzigo ukifichwa pangoni penye unyevu na mchwa, mbao huliwa, ngozi huoza, karatasi hupotea. Baada ya miaka mia inabaki dhahabu, na pengine bawaba zilizoshika kutu. Maandishi yoyote unayoyahitaji yaweke misheni, kwenye nyaraka za kikoloni, au kwenye sanduku la nyumbani la familia fulani.

Kuna kitu kingine cha kweli kinachofaa kwa udanganyifu. Karakana hiyohiyo ya Tabora ilipiga pia sarafu za thamani ndogo, heller 20, za shaba ya njano, zile za mwaka 1916 zenye herufi T. Ni pana kuliko ya dhahabu, ambayo kipenyo chake ni milimita 22. Mhusika asiyejua anaweza kuuziwa gunia la heller akidhani ni rupia. Atakayemwokoa ni yule mwenye mizani.

Sasa ugonjwa. Jiulize swali moja tu: unataka ukae kwenye kitu, au unataka uhame mtu kwa mtu? Ugonjwa mmoja haufanyi vyote viwili kirahisi, na miswada mingi hufa kwa kulazimisha.

Unaokaa kwenye kitu ni kimeta. Bakteria wake hujifunga katika spora, yaani ganda gumu linalowalinda, na kungoja miongo mingi. Mwaka 1917 jasusi wa upande wa Ujerumani alikamatwa kaskazini ya Norway akiwa na vipande vya sukari vilivyofichwa vibomba vyembamba vya kioo vyenye kimeta. Miaka 80 baadaye wanasayansi wa Porton Down, Uingereza, waliwaotesha bakteria hao wakiwa bado hai. Lakini kimeta kwa kawaida hakitoki kwa mgonjwa kwenda kwa muuguzi. Kinatosha kumuua mtu mmoja katika sura ya tano, hakikupi mlipuko.

Ukitaka mlipuko, utoe pangoni badala ya sandukuni. Chagua Marburg, homa kali ya virusi ya jamii ya Ebola. Virusi vyake hukaa kwa popo walao matunda wanaolala kwa maelfu kwenye mapango na migodi. Huko Durba, kaskazini-mashariki ya Kongo, kati ya 1998 na 2000 waliugua watu 154 na kufa 128, wengi wao wachimba dhahabu. Virusi vilivyopimwa vilikuwa vya nasaba mbalimbali, yaani maambukizi yalitoka shimoni tena na tena, na mlipuko ulikoma mgodi ulipojaa maji. Unaona? Dhahabu na ugonjwa vimeshikwa na sababu moja: aliyeficha mzigo alichagua mahali ambapo watu hawaingii, na popo walichagua hivyohivyo. Hata msimu una maana. Katika pango la Python, Uganda, maambukizi hupanda mara mbili kwa mwaka, popo wachanga wanapofika kama miezi sita. Mhusika mmoja anaweza kuingia na kutoka salama, na mwingine miezi mitatu baadaye asipone.

Kisha heshimu kalenda ya mwili. Kutoka kuambukizwa hadi kuugua ni siku 2 hadi 21. Homa kali huanza ghafla, na kichwa na misuli kuuma. Siku ya tatu, kuhara maji na kutapika. Damu huonekana kati ya siku ya tano na ya saba, tena si kwa wote. Kifo mara nyingi siku ya nane au ya tisa. Kabla ya dalili mtu haambukizi, na virusi hupita kwa majimaji ya mwili, kwa hiyo abiria anayekohoa ndani ya basi si tishio unalolihitaji. Walio hatarini ni mama anayefua shuka, muuguzi asiye na glavu, na wanaoosha maiti. Taharuki ya kweli iko katika zile siku 21: kila aliyemgusa mgonjwa yuko nyumbani, anapimwa joto asubuhi na jioni, na mmojawao amekwisha kutoroka na sarafu.

Usimpe daktari wako kichupa cha dawa ya kuponya. Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Wagonjwa huokolewa kwa maji ya mishipani, damu, na uangalizi wa karibu. Na katika sura za 1916 asiwepo atakayetamka jina hilo. Lilitokana na mji wa Ujerumani mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara walipoambukizwa na tumbili waliotoka Uganda. Daktari wa jeshi wa 1916 angeandika malaria au tauni, angetoa kwinini, na angekosea kwa nia njema.

Sura ya mwisho ipangwe kwa hesabu ya serikali: mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya zile 21. Kagera ilipita humo mwaka 2023, na wasomaji wako wanaikumbuka. Pango lenyewe lipe jina la kubuni. Ukitaja la kweli, kuna watakaokwenda na sururu.