Mwimbaji wa "Mambo No. 5" ni Mganda?

SWALI: Ndugu mhariri, dereva wa teksi tunayopanda kwenda Kampala huweka "Mambo No. 5" kila safari, na anaapa kuwa mwimbaji ni Mganda. Kweli? Na hiyo tano ni ya nini? – Msomaji, Mbale

JIBU: Ndugu msomaji, dereva wako hayuko mbali. Mwimbaji huyo, Lou Bega, alizaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1975. Baba Mganda, mama Mwitalia wa Sicily. Jina lake ni David Lubega. Litamke polepole, utamsikia Lou Bega mlemle ndani ya jina la Kiganda. Nilipolijua hilo nilifurahi mno, maana mwaka 1999 tuliucheza wimbo ule harusini kwa shangazi yangu, Jinja, mpaka vumbi likatanda, na hakuna aliyejua kuwa ni wa mtoto wa kwetu.

Tano haihesabu wanawake wanaotajwa kwenye wimbo; kiitikio kinataja saba. Imetoka kwa mwanamuziki Mkuba Pérez Prado, aliyekuwa akizipa namba nyimbo zake za mambo. Hii aliirekodi 1949, ala bila mashairi. Bega akaja kuongeza maneno nusu karne baadaye. "Mambo" hapo ni dansi ya Kuba, si salamu yetu.

Mwombe dereva aweke na ya Prado. Tarumbeta zile bado zinaninyanyua kitini.