Chumba Kwanza, Maiki Baadaye: Kurekodi Sauti Nyumbani Ukiwa Dar

Vijana wanaoanza kazi ya kusoma matangazo na kuingiza sauti kwenye video huniuliza swali moja zaidi ya mengine: "Kaka, ninunue maiki gani?" Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia wachukue simu, warekodi nusu dakika ya kimya ndani ya chumba chao, kisha wapige kofi moja na wanitumie. Kofi likirudi na mlio wa "ting" unaokimbia ukutani, maiki ya shilingi milioni moja itaunasa huo mlio kwa usafi zaidi, basi.

Vyumba vyetu vya kupanga havikujengwa kwa ajili ya kazi hii. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta laini, chini tailizi, juu jipsamu, na dirisha la vioo vya alumini. Kila upande unarudisha sauti. Mbaya zaidi, vingi ni vya mraba, futi kumi kwa kumi. Chumba cha mita 3 kwa 3 huyavimbisha masafa ya karibu hezi 57, 114 na 171 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde; ikiwa ndogo, sauti ni nzito), na sauti ya mwanaume akiongea huanzia hapo hapo, kati ya hezi 85 na 180 hivi. Ndiyo maana kuna maneno yanayotoka na uzito wa ajabu na mengine yanapotea, ukadhani koo lina tatizo.

Kabla hujatoa hata shilingi, tenganisha mambo mawili. Kuna mwangwi, yaani sauti yako mwenyewe inayogonga kuta na kurudi. Na kuna kelele, yaani bodaboda, jenereta la jirani na muziki wa dukani. Blanketi linapunguza mwangwi. Bodaboda halimzuii. Kelele ya nje huzuiwa na uzito na kuziba upenyo, na ukuta wa tofali tayari ni mzito. Udhaifu uko dirishani, chini ya mlango na kwenye vile vitundu vya hewa juu. Ukiwa na dirisha la wavu lisilo na kioo, sahau habari ya kuta, shughulika na dirisha.

Sasa trei za mayai. Bado nazikuta kwenye studio za mtaani, zimepigwa rangi nyeusi, zimepangwa vizuri, na mwenye studio anakuonyesha kwa fahari. Ni karatasi nyepesi. Zinatawanya kidogo masafa ya juu kabisa, mengine yote yanapita kama hazipo. Sponji nyembamba za inchi moja zinazouzwa kwa jina la "sponji za studio" nazo hazijapishana sana na trei: zinakula ule ung'avu wa juu na kuuacha mvumo wa chini ulivyo, kwa hiyo unasikika unaongea ndani ya pipa. Wimbi la sauti la hezi 100 lina urefu wa karibu mita tatu na nusu. Sponji ya sentimita mbili na nusu italifanya nini?

Kinachosaidia ni unene. Chaguo langu la kwanza ni sufu ya mawe, ile ambayo wengi huiita rokiwulu. Waulize mafundi wanaofunga vyumba vya baridi na kuzuia joto kwenye mabomba. Itafute ya unene wa sentimita 10, mwambie seremala akutengenezee fremu ya mbao, uifunike kwa kitambaa, halafu uache nafasi ya sentimita tano hadi kumi kati ya fremu na ukuta. Nafasi hiyo ya hewa inakuongezea uwezo bure. Kitambaa ukipime kwa mdomo: pulizia, pumzi ikipita upande wa pili kinafaa. Wakati wa kuikata vaa glavu na barakoa, la sivyo utajikuna mpaka kesho.

Mfuko ukiwa mwepesi, nenda soko la Karume asubuhi ukatafute mablanketi mazito ya mtumba, maduveti na mapazia ya kitambaa kinene. Yaning'inize kwa mikunjo, yakiwa mawili mawili, mbali kidogo na ukuta. Kanga na kitenge kimoja ukutani ni mapambo tu.

Godoro la sponji nene linafyonza sauti vizuri, sikatai, na wengi wanalitumia. Mimi sibandiki sponji ya kawaida ukutani, na sababu yangu ni moto. Februari 2003, kwenye klabu ya The Station, jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza sauti. Watu 100 walikufa. Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, sponji ya aina hiyo iliwaka na watu 242 wakapoteza maisha. Moshi wake una sumu na unaua upesi. Wewe fataki huna, lakini umeme ukikatika unawasha mshumaa, na dawa ya mbu ya kuchoma iko sakafuni pale pale.

Wengi hukosea mahali pa kuyaweka hayo mablanketi. Maiki nyingi za kazi hii husikia zaidi mbele na huziba masikio nyuma. Mbele ya maiki yupo nani? Wewe, na nyuma yako upo ukuta. Huo ukuta ulio nyuma ya mgongo wako ndio maiki inaoutazama uso kwa uso, lakini watu huhangaika na kile kibanda kidogo cha sponji kinachofungwa nyuma ya maiki. Anza na mgongo wako. Fungua milango ya kabati lililojaa nguo, simama ukilipa mgongo, na ning'iniza blanketi pande zote mbili. Kisha fikiria juu ya kichwa chako, kwa sababu silingi iko karibu kuliko unavyodhani. Mezani tandika taulo nene. Usisimame katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona. Theluthi moja ya urefu wa chumba ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuingia ndani ya kabati lenyewe, kama wanavyoshauri watu wa nchi za baridi, mimi sipendekezi. Mbao nyembamba zinavuma, na Januari ya Dar itakufanya usome tangazo la maji ya kunywa huku jasho likilowanisha karatasi.

Kuhusu kelele, saa ni dawa kuliko vifaa. Mimi naishi Tabata. Malori ya bandarini yanayopita Barabara ya Mandela yanatoa mngurumo wa chini unaopenya ukuta wowote, na ndege nazo hazikosi. Kazi ndefu nazifanya kuanzia saa saba usiku mpaka kabla ya adhana ya alfajiri, maana baada ya hapo kunguru wanaamka na jiji nalo linaamka. Kazi fupi za mchana nazifanya kwa vipande, kati ya pikipiki na pikipiki. Mvua ya masika ikipiga bati, mpigie mteja umwambie ukweli.

Zima feni, zima kiyoyozi, zima friji kama liko karibu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake huja pia kwenye hezi 100 na 150, ndani kabisa ya sauti yako. Laptopu ichomoe kwenye chaji na uiweke nyuma ya maiki, mbali. Simu iweke kwenye hali ya ndegeni. Halafu sogea: umbali kati ya mdomo na maiki ukiupunguza nusu, sauti yako inapanda karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huku mwangwi ukibaki pale pale. Mimi nakaa umbali wa shibiri moja au pungufu kidogo, maiki ikiwa pembeni kidogo ya mdomo ili "p" za "punguzo" na "pekee" zisiipige kishindo. Kama maiki yako ni ya kondensa, ile aina nyeti inayohitaji umeme, ihifadhi kwenye boksi linalofungika pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Hewa ya pwani haina huruma nazo.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, vilele vya sauti vikicheza kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Kimya cha chumba kisomeke -60 au chini zaidi. Kikisoma -45, usifungue programu, tafuta kinachovuma.

Sababu ya kukusumbua hivi kuhusu chumba ni kompresa, kifaa cha ndani ya programu ya kuhariri sauti. Kazi yake ni kushusha sehemu kubwa za sauti, kisha wewe unapandisha zote kwa pamoja. Ukipandisha desibeli 6, umepandisha na mwangwi na friji kwa desibeli 6. Chumba kilichosikika "si kibaya" kabla ya kompresa, baada yake kinakuwa ukumbi wa harusi.

Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni ya bure na inatosha. Nakata chini ya hezi 80, kwa sauti nyingi za kike hata 100. Naondoa kelele kwa desibeli 6 tu, nikitumia sekunde kumi za kimya nilizorekodi mwanzoni. Naangalia kama karibu na hezi 300 kuna uzito wa ziada, nikiukuta napunguza desibeli 2 au 3. Kompresa kwa uwiano wa 3 kwa 1, ikishusha desibeli 3 hadi 6, isizidi. Kisha natuliza "s" na "sh" kati ya kilohezi 5 na 8, maana Kiswahili kimejaa hizo, na namalizia na limita, kizuizi kisichoruhusu sauti kupita kiwango ulichoweka, kwenye desibeli -3.

Kifaa kinachofunga sauti kila unaponyamaza sikitumii. Kinakula mwanzo wa maneno: "nchi" inabaki "chi", "mtu" inabaki "tu". Zile programu za akili bandia zinazofuta mwangwi zinafanya maajabu, siwezi kukana, lakini sikiliza irabu za mwisho wa sentensi kabla hujatuma.

Na mara nyingi mteja hataki hayo yote. Prodyuza wa redio au wa tamthilia atataka faili ghafi la WAV, yaani sauti isiyobanwa wala kuhaririwa, achakate mwenyewe. Muulize kwanza. Ukituma kwa WhatsApp, litume kama hati. Ukilituma kama sauti ya kawaida linaweza kubanwa.

Kingine ni marudio. Baada ya wiki mbili mteja atapiga: bei imebadilika, rudia sentensi moja. Sentensi hiyo lazima ifanane na zile za mwanzo, la sivyo utarudia tangazo zima bila malipo. Kwa hiyo bandika selotepu sakafuni ulipoweka stendi na uliposimama, piga picha kitufe cha gaini (kinachopandisha na kushusha sauti inayoingia), andika saa uliyorekodi, na tunza faili ghafi pamoja na hizo sekunde kumi za kimya.