Nimebuku meza, nakuta mtu kaikalia

SWALI: Shikamoo kaka, ofisini kwetu serikalini hapa Mwanza meza za kudumu hamna tena, unabuku kwa simu jana yake, sasa mi natokea Igoma, daladala zinajaa, nafika nakuta jamaa kakaa na kikombe changu kakisukumia dirishani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kikombe beba kwenye begi, hilo halina mjadala. Uingereza watumishi wa serikali tangu Novemba 2023 wanatakiwa ofisini angalau asilimia 60 ya muda, siku nyingine wako home, so meza chache zinatosha, ila nyie mnakuja wote siku zote tano mtaacha kugombana kweli? Mwombe bosi aweke saa maalum, mfano saa tatu, kabla ya hapo meza iliyobukiwa haikaliwi na mtu. Na huyo jamaa muonyeshe simu yako, kistaarabu tu.