Vijana hawakimbii kamati, wanakimbia uamuzi uliokwisha kupikwa

Mkuu, umesema vijana wawili mliowaingiza kwenye kamati yenu walihudhuria vikao viwili wakapotea, na ukauliza kama kizazi hiki kweli kinautaka uongozi. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, ngoja nikueleze yangu.

Nilikuwa na miaka 19 nilipofanywa "mwakilishi wa vijana" katika kamati ya maji. Kiti nilipewa, na kwenye picha niliwekwa mbele. Ajenda nilikuwa naikuta mezani, wenzangu wameshaisoma tangu juzi. Siku moja nikapinga mahali palipopendekezwa kuchimbwa kisima. Mwenyekiti akatabasamu, akasema, "Kijana wetu ana ari kweli," kisha wakapitisha vilevile. Baadaye nikaja kujua fundi alikuwa ameshachukua malipo ya awali! Sikurudi tena. Nikasikia wanasema vijana hatuna subira.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliiandikia UNICEF kuhusu ushiriki wa watoto, akauchora kama ngazi yenye vidato 8. Vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki: kutumiwa, kuwekwa kama pambo, na kuwakilisha kwa jina tu. Nilipokutana na ngazi hiyo nikajiona mle mle. Ila wengi hawaangalii kidato cha juu kabisa: si vijana kuachiwa wajiendeshe wenyewe, ni vijana kuanzisha jambo na kuliamua pamoja na watu wazima. Kwa hiyo wazee wanaosema "basi tuwaachie vijana" nao wamekosea njia.

Sasa mimi ni katibu wa kamati nyingine, na mvi zimeanza. Muda wa kikao tuliusogeza hadi jioni, maana asubuhi vijana wako darasani au kazini. Hilo lilikuwa rahisi. Ajenda inatoka siku tano kabla, na kijana yeyote anaweza kuongeza jambo lake. Kazi ilikuwa kwenye fedha. Nilipendekeza mmoja wa watia saini watatu wa akaunti awe kijana aliyetimiza miaka 18, na nusura tugombane. Mzee mmoja aliuliza, "Akikimbia nazo?" Nikamjibu kwamba hakuna anayetoa peke yake, saini ni mbili, kama ilivyokuwa siku zote. Ilichukua vikao vitatu. Tangu hapo vijana wanahoji hesabu, na si wote kati yetu wanaofurahia hilo.

Vijana nao wana yao. Walitaka mawasiliano yote yahamie WhatsApp, wakasahau kwamba wajumbe wawili wana simu za kubonyeza. Tukakubaliana kijana mmoja awapigie hao wawili, na simu hizo ndizo zilizowafanya wakazoeana kuliko semina yoyote tuliyowahi kufanya.

Mimi mwenyewe nilikuwa na tabia ya kummalizia binti mmoja sentensi zake, nikidhani namsaidia. Siku moja akaniambia mbele ya wote, "Katibu, samahani, naomba nimalize." Nilinuna hadi nyumbani. Lakini alikuwa sahihi, na hoja yake haikuwa hata ile niliyokuwa naimalizia.

Kabla sijakushauri zaidi, niambie: wale wawili wenu, ajenda waliipata siku gani?