Picha za familia ukutani bila fremu za gharama

Kwa aliyeuliza namna ya kupamba ukuta kwa picha za familia bila kununua fremu: usibandike picha halisi, bali ipitishe kwenye skana kwa nukta 300 kwa kila inchi, kisha uchapishe nakala kwa printa ya leza, kwa kuwa wino wa maji wa printa nyingine huweza kuchuruzika unapokutana na gundi mbichi. Paka gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, juu ya ubao uliopigwa msasa, ambao ndio utakaoutundika ukutani, ulaze nakala kuanzia ukingo mmoja huku ukiondoa mapovu ya hewa kwa kitambaa kikavu. Picha zilizopauka hupendeza zaidi zikichapishwa zote kwa nyeusi na nyeupe. Epuka ukuta unaopigwa na jua.