Je, mawimbi huvunwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninatafsiri makala inayoeleza jinsi maboya yaliyo katikati ya bahari yanavyojipatia umeme. Niliandika "kuvuna mawimbi ili kuendesha vihisi vya mbali". Babu yangu, mvuvi wa hapa Sahare, Tanga, alicheka akasema kisichopandwa hakivunwi. Je, ni kweli? Na je, kifaa cha kupimia (sensor) nikiite kihisi au kitambuzi?

JIBU: Marahaba. Babu yako alikuwa na haki ya kucheka, ila sababu aliyoitoa siyo. Kitenzi kuvuna kilikwisha kutoka shambani zamani: tunavuna maji ya mvua, tunavuna magogo ya misitu ambayo hakuna aliyeipanda, na kule Nunge, Bagamoyo, chumvi huvunwa baada ya jua kukausha maji yake. Panapokuwa na kitu kilichojitengeneza chenyewe, nasi tukakikusanya kwa matumizi, kuvuna kunafaa kabisa.

Kosa liko kwenye yambwa, yaani kile kinachovunwa. Mawimbi yenyewe hayakusanywi. Kinachovunwa ni nishati yake, kwa hiyo andika "kuvuna nishati ya mawimbi". Tena jihadhari na umoja, kwa maana "kuvuna wimbi" humpeleka msomaji wa Kenya moja kwa moja kwenye ulezi, ambao wao huuita wimbi na kuupikia uji.

Usibadilishane pia nishati na umeme. Mjapani Yoshio Masuda alibuni boya la kuongozea meli lenye taa, ambalo ndani yake maji hupanda na kushuka pamoja na wimbi, yakasukuma na kuvuta hewa kama mvukuto wa mhunzi, na hewa hiyo ikazungusha mapanga ya mtambo mdogo. Mpaka hapo ni nishati tu. Umeme huanza pale mapanga yanapozungusha dainamo. Nimeona pia waandishi wakiita maji kujaa na kupwa "mawimbi", jambo ambalo mvuvi yeyote angelikataa, kwa sababu mawimbi mengi huletwa na upepo, lakini bamvua na maji mafu, yaani kujaa na kupwa kukubwa na kudogo, hufuata mwezi na jua. Mtambo wa kujaa na kupwa ni mtambo mwingine.

Neno lililonisumbua zaidi katika sentensi yako ni "mbali". "Vihisi vya mbali" vinaweza kueleweka kuwa vihisi vinavyopima kitu kutoka mbali, kama vile vilivyo kwenye setilaiti, ilhali wewe unakusudia vile vilivyo mbali na watu, ambako kubadilisha betri kunahitaji kukodi meli na kungoja bahari itulie, na paneli za jua huchafuliwa na chumvi na vinyesi vya ndege. Hapo ndipo nishati ya mawimbi inapopata maana yake, basi usiifiche. Ningeandika: "kuvuna nishati ya mawimbi ili kuendesha vihisi vilivyo mbali na pwani".

Kuhusu swali la mwisho, mimi huchagua kihisi. Kutambua ni kukijua kitu kuwa ndicho, kama mlango unaofunguka kwa alama ya kidole chako. Kifaa cha kupima joto au chumvi ya maji hakimtambui yeyote, kinahisi tu na kutuma tarakimu.