Maswali ya Wasomaji: 320 ya Kubandika na Kayamba Linalovuja

Swali: Nina kibanda cha kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Siku hizi kila mteja anadai "320". Nimepata programu inayogeuza MP3 zangu za 128 kuwa 320. Mafaili yamenenepa kweli, lakini mteja mmoja mwenye sabufa nzuri kanirudishia flashi, anasema nimempiga changa la macho. Kosa liko wapi? *Msomaji, Kirumba*

Jibu: Mteja wako hajakosea. Hiyo namba inaonyesha kilobiti zinazotumika kwa kila sekunde ya wimbo, basi. Haisemi wimbo ulitokea wapi. Wimbo wa dakika 4 kwenye CD unachukua MB 42 hivi. Ukiufanya MP3 ya 128 unashuka hadi MB 3.8, na kwa 320 unafika MB 9.6. Ili kupunguza hivyo, programu hutupa sauti ambazo sikio la kawaida halizitambui, hasa zile zinazofunikwa na sauti kubwa zaidi. Zikishatupwa hazirudi. Sangara akishatolewa minofu, kumtia kwenye gunia kubwa hakumrudishii mapanki yake.

Tena wimbo unauharibu zaidi kidogo, kwa sababu programu inakata upya sauti iliyokwisha kukatwa, na makosa ya mara ya pili yanapanda juu ya yale ya kwanza. Ndiyo maana wimbo uliotolewa kwenye video ya mtandaoni, ukageuzwa MP3, kisha ukageuzwa tena, matoazi yake husikika kama maji yanayochemka.

Kugundua 320 ya kubandika si kazi. Pakua programu ya bure iitwayo Spek, buruta faili ndani yake, utaona picha ya sauti: dakika zinakwenda kulia, wembamba wa sauti unapanda juu. MP3 ya 128 kwa kawaida imekatwa mstari ulionyooka kama wa kisu karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 16,000 au 17,000. Ya 320 ya kweli hufika hadi karibu 20,000. Faili likijiita 320 huku lina ule mstari wa 16,000, mashaka ni makubwa. Ila usiwahukumu wazee: rekodi zilizotoka kwenye kaseti zinaweza kukosa sauti za juu tangu mwanzo. Hizo hufifia taratibu, hazikatwi kwa mstari.

Futa hizo ulizogeuza, rudi kwenye za 128 zako, na nyimbo mpya zitafute kutoka kwenye CD au faili la msanii mwenyewe. Kwa sabufa za mtaani, MP3 ya 192 iliyotengenezwa vizuri inatosha kabisa. Mteja akibisha, mpime. Kutoka WAV moja (faili la sauti ambayo haijakatwa) tengeneza ya 192 na ya 320, zipigwe kwa sauti sawa (inayozidi hata kidogo huonekana bora), achague ipi ni ya 320 bila kuona, mara 16. Akipatia 12 au zaidi, masikio yake yanajua. Anayebahatisha hufika hapo mara 4 hivi katika 100. Chini ya hapo, anasikiliza namba.

Swali: Kwaya yetu imerekodi nyimbo nane. Studio wametupa MP3 za 128. Sauti za waimbaji ni safi ila kayamba linasikika kama mchanga unaomwagika. Mpigaji ndiye mbovu? *Mwanakwaya, Igoma*

Jibu: Mpigaji mwacheni. MP3 hukata sauti vipande vipande, na kipande kirefu kinabeba milisekunde kadhaa. Makosa ya ukataji husambaa kwenye kipande kizima. Kwa sauti ya mwimbaji inayovutwa, hamyasikii. Pigo la kayamba linaanza ghafla baada ya kimya, kwa hiyo makosa yanavuja *kabla* ya pigo lenyewe: badala ya "cha!" mnapata "shsh-cha". Programu ina ujanja wa kutumia vipande vifupi penye mapigo, lakini kwa 128 biti hazitoshi kila mahali.

Rudini studio muombe WAV, au FLAC, ambayo inapunguza ukubwa, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kutupa kitu. Hiyo ndiyo ya kutunza, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Za kugawa zitengenezwe moja kwa moja kutoka humo: MP3 ya 256 kwa flashi, AAC (aina nyingine ya faili linalokatwa kama MP3) ya 128 au zaidi kwa simu. AAC kwa kilobiti zile zile huhimili kayamba vizuri kuliko MP3. Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti.

Swali: Redio ya gari inasoma flashi ya GB 8, ya GB 64 inaikataa. *Dereva, Buzuruga*

Jibu: Flashi za GB 64 mara nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa exFAT, na redio nyingi za gari zinaelewa FAT32 tu. Hamishia nyimbo kwenye kompyuta kwanza, kisha ifomati kuwa FAT32 kwa programu ya Rufus, maana dirisha la kawaida la Windows mara nyingi halikupi FAT32 ikizidi GB 32. Nyimbo zitakazorukwa baada ya hapo, angalia kama ni m4a, aina ya faili ambayo si MP3. Kubadili jina kuwa mp3 hakusaidii. Zigeuze kwa programu, mara moja tu.